Mchawi Hayumo Kwenye Sahani

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani hapa Tanga. Huu ni mwezi wa saba natokwa na mabaka mwilini. Yanaanza kama nimeng'atwa na mbu, kisha yanaungana na kuwa mapana kama kiganja, yanawasha mpaka natamani kujikuna kwa chanuo. Baada ya saa chache yanapotea bila kuacha alama, halafu yanazuka mahali pengine. Mara mbili nimeamka mdomo wa juu umevimba kama nimepigwa ngumi. Na siku nikikata vitambaa vingi, jioni kiganja cha kulia kinavimba na kuuma.

Nimeacha mayai, samaki wa aina zote, nyanya, biringanya, nanasi, maziwa na karanga. Sabuni nimebadilisha mara tatu. Nimepungua mpaka nguo zangu mwenyewe nazibana. Duka la dawa wananipa Piriton. Nikimeza nasinzia juu ya cherehani. Hali ikizidi wananichoma sindano, napata nafuu siku mbili tatu, kisha mabaka yanarudi kwa hasira. Mgongo nao unaniuma kwa kukaa sana, kwa hiyo nameza diklofenaki. Nimelipia kipimo cha aleji, pesa nyingi, nikapewa orodha ya vyakula 11 vya kuepuka. Mama mkwe anasema ni jini. Shoga yangu anasema ni damu chafu. Kuna wateja hawataki tena niwapime, wanaogopa nitawaambukiza.

Nataka kujua: nina mzio wa nini? Na je, nitapona? Tunatafuta mtoto wa pili, kwa hiyo dawa pia naziogopa.

Fundi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo lililokukondesha. Unauliza una mzio wa nini. Kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea sana kwamba huna mzio wa kitu chochote. Usikasirike. Mabaka unayo, muwasho unao, mdomo umevimba kweli, wala sisemi unajitungia. Ninachosema ni kwamba mchokozi unayemsaka kwenye sahani na kwenye beseni la kufulia hayumo humo, na kadiri unavyozidi kumsaka ndivyo unavyozidi kulala na njaa bure.

Ugonjwa unaoueleza unaitwa urtikaria sugu. Jina limetoka kwenye neno la Kilatini la mmea wa Ulaya unaowasha ukiugusa, kama sisi tulivyo na upupu. Na neno "sugu" hapa lisikutishe. Halina maana kwamba hautibiki, bali kwamba umezidi wiki sita. Mabaka ya siku chache au wiki mbili tatu mara nyingi yana kisa chake: homa ya virusi iliyopita, dawa mpya, nyuki, pengine chakula. Yakivuka wiki sita, hadithi hubadilika, na hapo ndipo wagonjwa wengi, pamoja na baadhi yetu tunaowatibu, tunapoendelea kusoma kitabu cha zamani.

Chini ya ngozi yako, kandokando ya vijishipa vya damu, kuna seli zinazoitwa seli za masti. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, angali mwanafunzi wa udaktari. Alizikuta zimejaa chembechembe, akadhani zimekula zikashiba, akazipa jina linalotokana na neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Kumbe zile chembechembe ni vifuko, na ndani ya vifuko mna kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Seli ikichokozwa inavimwaga vyote. Vijishipa vinatanuka, maji ya damu yanavuja, ngozi inainuka, neva zinawasha. Hilo ndilo baka. Maji yakishanyonywa, ngozi inarudi kama ilivyokuwa, ndiyo maana huoni alama. Zikimwagia chini zaidi, kwenye nyama laini ya mdomo au kope, unaamka na sura usiyoijua.

Sasa nani anazichokoza? Mwenye mzio wa kweli wa pweza anachokozwa na pweza. Anakula, na kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili anavimba. Akila tena wiki ijayo anavimba tena. Asipokula yuko salama. Hesabu hiyo haibadiliki, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe anaijua kabla ya daktari. Lakini wewe umeacha nusu ya soko, na mabaka bado yanakuja.

Kwa wengi wenye hali kama yako, mchokozi ni kingamwili za mwili wenyewe. Mwaka 1993 kundi la watafiti wa London, wakiwamo Michihiro Hide na Malcolm Greaves, lilionyesha kuwa damu ya baadhi ya wagonjwa hawa ina kingamwili zinazojibandika juu ya seli za masti na kuzifyatua, pasipo samaki, pasipo sabuni, pasipo mdudu. Ni kama kengele ya mlango iliyonasa. Inalia, unafungua, nje hakuna mtu. Unamfukuza kuku, unamfukuza mbuzi, unagombana na jirani, na kengele bado inalia, kwa sababu hitilafu imo kwenye waya.

Hapo utaona kwa nini kile kipimo cha vyakula 11 kimekupoteza njia. Kipimo cha namna hiyo, kikifanywa vizuri, kinaonyesha kwamba damu yako inakitambua chakula fulani. Kukitambua si kuugua. Watu wengi wasio na tatizo lolote wangepata orodha kama hiyo. Pesa imeshakwenda, nayo haitarudi, lakini karatasi hiyo iweke kabatini na urudishe chakula. Anza na mayai na dagaa, kisha rudisha na vingine taratibu. Kikitokea kimoja ambacho kila ukikila unavimba ndani ya saa mbili, kila mara bila kukosa, hicho tutakijadili. Kitakachokuvimbisha mara moja halafu kikakuacha mara tano, kiache kipite, hicho kimekutwa tu eneo la tukio. Na kama uzito utaendelea kushuka hata baada ya kula vizuri, mwambie daktari, kwa sababu mabaka peke yake hayakondeshi mtu.

Ila kuna mambo mawili kwenye barua yako uliyoyataja kwa kupita, nami ndiyo yaliyonisimamisha.

La kwanza ni diklofenaki. Dawa za maumivu za jamii hiyo, yaani diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao, zinayazidisha mabaka kwa sehemu kubwa tu ya wenye urtikaria sugu. Mara nyingi hazikuuanzisha ugonjwa, ila zinaumwagia mafuta ya taa. Nimewaona watu walioacha karanga, maziwa, hata chai ya rangi, huku kila jioni wakimeza kidonge cha mgongo. Kiache leo. Mgongo ukiuma, meza parasetamoli kwa kipimo chake cha kawaida. Kisha angalia kiti unachokalia. Mafundi wengi wanashona siku nzima juu ya stuli isiyo na egemeo na ambayo kimo chake hakilingani na meza, halafu wanashangaa.

La pili ni kiganja. Uvimbe unaokuja jioni baada ya mchana wa mkasi, wenye kuuma zaidi ya kuwasha, ni aina ya urtikaria inayoletwa na mgandamizo. Haitokei palepale. Huchelewa, mara nyingi saa nne hadi sita, ndiyo maana watu hawaiunganishi na kazi waliyoifanya asubuhi. Angalia pia nyayo baada ya siku ya kukanyaga pedali, kiunoni ulipokaza mkanda, na begani uliponing'iniza mkoba mzito. Noa mkasi vizuri ili usiukamue kwa nguvu, vishike vyake vizungushie kitambaa kinene au sponji, na siku ya oda kubwa gawa ukataji kwa vipindi. Ukitaka kujua kama ngozi yako inachokozwa pia na msuguano, pitisha ncha butu ya kalamu juu ya mkono, kwa nguvu kidogo, kisha subiri dakika kumi. Ikiinuka michirizi unayoweza kuisoma kama maandishi, jibu umelipata. Wapo ambao mchokozi wao ni maji baridi, wengine jua, na wengine jasho: wakipatwa na joto wanatokwa na vipele vidogo kama punje za mtama, na kwa Tanga ya mwezi wa pili hao huwafanya watu waamini ni harara. Wewe sioni dalili hizo, kwa hiyo nazipita.

Dawa sasa.

Kosa kubwa katika kutibu ugonjwa huu ni kumeza dawa pale mtu anapowashwa na kuacha pale anapopata nafuu. Antihistamini haifukuzi histamini iliyokwisha kumwagika. Kazi yake ni kukalia kiti ambacho histamini ingekikalia. Ikiingia ukumbini baada ya mgeni kuketi, imechelewa. Kwa hiyo inamezwa kila siku, saa ileile, hata siku ambayo ngozi ni safi. Hasa siku hiyo.

Na iwe antihistamini ya kizazi cha pili. Setirizini ya miligramu 10 au loratadini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku, zinapatikana karibu kila duka la dawa, na si ghali ukilinganisha na sindano ulizochomwa. Piriton ni ya kizazi cha kwanza. Inaingia kwenye ubongo kwa urahisi, ndiyo maana unasinzia, na fundi anayesinzia mbele ya sindano inayokwenda mbio hana haja ya kuelezwa hatari yake. Haifanyi kazi zaidi ya hizo mpya, na miongozo ya kimataifa ya ugonjwa huu inashauri isitumike kama dawa ya kila siku. Setirizini nayo huwapa baadhi ya watu usingizi kidogo. Ikikufanya hivyo imeze usiku, au tumia loratadini.

Ipe wiki mbili hadi nne. Ikishindwa kuyatuliza, usikimbilie dawa nyingine wala usichanganye tatu kwa pamoja. Rudi kwa daktari. Hatua inayofuata ni kuongeza dozi ya dawa ileile, na kwa ugonjwa huu wataalamu huiongeza hadi mara nne ya kawaida. Usishtuke daktari akikuandikia vidonge viwili au vinne kwa siku, hajakosea hesabu. Lakini usijiongezee mwenyewe, hasa ukiwa na matatizo ya figo au ukishika mimba.

Wapo ambao hata dozi hiyo haiwatoshi. Kwao kuna sindano ya omalizumabu, miligramu 300 chini ya ngozi kila wiki nne, ambayo inazizuia kingamwili fulani zisizifikie seli za masti. Imewabadilishia watu wengi maisha, lakini kwetu bei yake inawashinda walio wengi na haipatikani kila mahali. Kuna pia siklosporini, inayohitaji figo na presha vifuatiliwe kwa karibu. Nimezitaja ili ujue ngazi ina vidato vingine juu. Wewe hujapanda hata cha kwanza ipasavyo.

Kuhusu sindano za duka la dawa sitapunguza maneno. Kwa maelezo yako ya nafuu ya siku mbili tatu halafu marejeo ya hasira, inaelekea unachomwa steroidi, mara nyingi deksamethasoni. Nami nilipokuwa kijana kazini niliziandika nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu mgonjwa alitoka akitabasamu na foleni ilikuwa ndefu. Steroidi inazima moto wote kwa muda, kisha moto unawaka tena, na mgonjwa anarudi kudai ileile. Mwaka mmoja wa mtindo huo unaweza kukuachia sukari, presha, mifupa dhaifu, uso uliovimba na mwili uliosahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Daktari anaweza kukupa vidonge vya predinisoloni kwa siku chache, zisizozidi kumi, siku ambazo hali imechafuka kabisa. Hilo linakubalika. Kuchomwa kila wiki mbili na mtu asiyekwambia jina la kilichomo kwenye bomba hakukubaliki. Uliza jina. Ukijibiwa "sindano ya aleji", hujajibiwa. Na kama umechomwa mara nyingi ndani ya miezi hii, mwambie daktari idadi hata kama ni ya kukisia.

Krimu za kupaka zenye steroidi usizinunue kwa ajili ya mabaka haya. Baka linadumu saa chache na kesho liko mgongoni. Utapaka wapi? Utaishia kuichubua ngozi tu. Kalamini, kitambaa kilicholowanishwa maji ya baridi, nguo ya pamba isiyobana: hivyo vinatuliza muwasho na havina madhara. Ukipenda kuoga maji ya mwarobaini, oga, mradi yasiwe ya moto.

Vipimo usifanyiwe vingi, ila vichache vyenye maana. Picha kamili ya damu, pamoja na kipimo cha kuangalia kama kuna uvimbemoto mwilini. Kipimo cha tezi ya shingo na kingamwili zake, kwa sababu wenye urtikaria sugu wanapatwa na maradhi ya kingamwili ya tezi kuliko watu wengine. Ukiwa na mapigo ya moyo ya kasi, baridi isiyo na sababu au hedhi iliyovurugika, sema. Choo kipimwe mara moja, na mkojo pia kama umeishi au unaoga maeneo yenye kichocho. Minyoo na kichocho vinaweza kuleta mabaka, navyo vikionekana vitibiwe. Lakini kumeza dawa ya minyoo kila mwisho wa mwezi "kwa usalama" hakusaidii ngozi.

Kuna jaribio jingine halina gharama. Baka likitokea, lizungushie duara kwa kalamu ya wino na uandike saa. Kesho saa hiyohiyo angalia. Likiwa limetoweka ndani ya saa 24, tuko kwenye njia niliyoieleza. Likiwa bado lipo palepale, linaunguza au kuuma badala ya kuwasha, na likiondoka linaacha weusi kama jeraha la kugongwa, huo ni ugonjwa mwingine wa vijishipa vya damu na unahitaji kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Kumbuka tu kwamba uvimbe wa mdomo na ule wa mgandamizo kwenye kiganja unaweza kuchelewa zaidi kuondoka. Huo usiuhesabu.

Tena piga picha. Ugonjwa huu una hila ya kutoweka ukifika mlangoni kwa daktari. Na kwenye ngozi zetu nyeusi hauonekani kama vitabu vinavyoonyesha. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, ambapo baka ni jekundu kama pilipili. Kwetu baka lina rangi ya ngozi au weusi kidogo, kinachoonekana ni mwinuko. Wapo wagonjwa walioambiwa hawana kitu kwa sababu tu hawakuwa wekundu. Simama kando ya dirisha, mwanga uje kwa ubavu, upate kivuli cha ule mwinuko. Wataalamu wa ngozi si wengi, lakini wapo zaidi ya watu wanavyofikiri. Chuo cha ngozi kilichopo KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kuhusu magonjwa ya ngozi, na wahitimu wake wametawanyika hospitali za mikoa. Ulizia kliniki ya ngozi hospitali ya mkoa.

Hapa nimgeukie kidogo msomaji mwingine, ambaye hakuandika barua. Kama umewahi kuvimba mdomo au ulimi bila baka hata moja, na unameza dawa ya presha yenye jina linaloishia na "-prili", yaani enalaprili, lisinoprili au kaptoprili, nenda leo kamwone daktari, na usimeze kidonge kingine cha dawa hiyo kabla hajakuona. Dawa hizo zinaweza kuleta uvimbe huo hata baada ya miezi au miaka ya kuzitumia bila tatizo, na sisi watu weusi tumo hatarini zaidi. Antihistamini haiutibu. Dawa hiyo inaachwa, na daktari anakupa ya jamii nyingine badala yake, usikae bila dawa ya presha.

Na kwa wote: ulimi ukivimba, koo likibana, sauti ikikwaruza, pumzi ikikata, au mtu akizimia baada ya kula, kuumwa na nyuki au kumeza dawa, hapo hakuna kusubiri kidonge kifanye kazi. Ni hospitali sasa hivi, kwa bodaboda, kwa gari la jirani, kwa chochote, akachomwe adrenalini kwenye paja. Urtikaria sugu yenyewe ni nadra kufika huko.

Nirudi kwako, fundi. Kuhusu mtoto wa pili, msiache kutafuta kwa sababu ya mabaka. Loratadini na setirizini ndizo antihistamini tunazopendelea kwa mjamzito na anayenyonyesha, kwa sababu zimetumiwa na wanawake wengi kwa miaka mingi bila kuonekana kuwadhuru watoto. Ukichelewa hedhi, mwambie daktari ili akushikishe dozi ndogo inayotosha, lakini usizitupe dawa kwa hofu. Kwa wengine mimba hupunguza mabaka, kwa wengine huyazidisha. Utajua ukifika.

Shoga yako mwambie damu yako ni safi. Hizo chai za kusafisha damu, baadhi zinakuharisha tu. Wateja waambie ukweli kwa kifupi: hauambukizi, kwa mkono, kwa nguo wala kwa futi ya kupimia. Mama mkwe yeye sitakuagiza ubishane naye. Anaona mkaza mwana wake anawashwa usiku na mchana wala hakuna aliyempa maelezo, akatumia maelezo aliyo nayo. Akitaka kukusomea dua, pokea kwa adabu. Mambo mawili tu nakuomba uyakatae kwa upole: kufukizwa moshi chumba kimefungwa, na kunyweshwa kitu kisichojulikana. Mawazo na kukosa usingizi vinauchochea ugonjwa huu, hilo ni kweli, kwa hiyo mtu yeyote nyumbani anayekufanya ulale vizuri ni sehemu ya matibabu, hata kama hamkubaliani kuhusu majini.

Utapona? Wengi hupona. Ugonjwa huu, unaowapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume, una tabia ya kujizima wenyewe. Kwa wengine ndani ya mwaka, kwa wengi miaka miwili hadi mitano, na wapo wachache unaowakalia muda mrefu zaidi. Dawa haiufupishi muda huo. Inachofanya ni kukuwezesha kuupitisha ukiwa unakula, unalala na unashona. Lengo si mabaka yapungue, ni yasionekane kabisa. Ukishakaa miezi kadhaa bila hata moja, daktari atakupunguzia dozi polepole aone kama kengele imenyamaza.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari lako la vipimo vya wateja. Kila usiku andika namba mbili. Ya mabaka: 0 kama hakuna, 1 kama hayafiki 20, 2 kama ni kati ya 20 na 50, 3 yakizidi hapo au yakiwa yameungana. Ya muwasho: 0 kama haupo, 1 kama ni mdogo, 2 kama unasumbua lakini unashona, 3 kama unakukosesha kazi au usingizi. Jumlisha kwa siku saba. Juu kabisa ni 42, na tunataka uwe chini ya 7, kisha sifuri. Daktari wako akiuona ukurasa huo atajua la kufanya haraka kuliko kwa kusikiliza hadithi ya miezi saba. Anza usiku wa leo, kabla ya kidonge cha kwanza, na baada ya wiki nne niandikie jumla ya kila wiki, pamoja na siku uliyokula yai.